Makuti Niliyomficha Bi Zamda

Mshauri wetu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na najua kabla hujafika mwisho wa barua hii utakuwa umeshanichukia, lakini nakuomba uisome yote, maana huku sina mwingine wa kumwambia. Shehe wetu ni shemeji yangu, nikimwambia yeye ni kama nimemwambia mke wangu.

Mimi ni mtu wa miaka arobaini na saba, mwenyeji wa visiwa vya delta upande wa Mbwera, Korani nimehitimu na shule nilifika darasa la nne, na tangu ujana kazi yangu ni boriti, kwanza nilikata mikoko kwa shoka langu mwenyewe na siku hizi ni mhesabu, nahesabu boriti kwa korija, ishirini ishirini, zikipakiwa chomboni. Nasema haya si kwa kujisifu, ila ujue kwa nini nilijiona najua nyumba. Mtu wa boriti akiingia nyumba ya watu haangalii watu, anaangalia juu.

Kiangazi cha mwaka jana nilikwenda Kibiti kutafuta mahali pa kuhamia, maana huku kwetu maji ya bamvu, bahari ikijaa sana, siku hizi yanafika mpaka jikoni, na mke wangu Mwanawetu amechoka kupika miguu ikiwa majini, na mwanamke yule, Mshauri, tangu nimuoe hajaniomba kitu kikubwa ila hicho kimoja, pakavu. Huko nikakutana na kijana mmoja jina lake Mrisho, anafanya kazi bandarini Dar es Salaam, amerithi nyumba ya ami yake aliyefariki bila ya mtoto. Nyumba iko ukingoni mwa barabara ya malori, vyumba vinne na ukumbi, ya udongo, paa lote limetoboka, na Jumbe wa kijiji alikuwa ameshamwambia aitengeneze au aibomoe kabla haijamwangukia mpita njia.

"Sitaki hata senti yako, mzee," akaniambia. "Kuibomoa nako ni kazi. Ichukue, uniombee dua tu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama na kujiuliza kwa nini nyumba ya barabarani ni bure na majirani wanaipita kila siku wakienda kisimani hawaichukui, lakini mimi nikasema moyoni, hawa watu wa bara boriti hawazijui. Nikatoa kisu changu nikaanza kuchoma na kugonga na kusikiliza, pembe moja mpaka nyingine, na kweli zilikuwa boriti za mkoko wa mkandaa za zamani, zimekauka kama chuma, kisu hakiingii. Nikawa napanga kichwani, chumba kimoja chetu, viwili nipangishe, na kile cha mbele, chenye dirisha linalotazama barabara, niweke mkahawa, Mwanawetu apike vitumbua, malori yakisimama abiria wasiende kwingine, maana vitumbua vya mke wangu mtu akila kimoja anaisahau safari. Nikawa namwona kabisa amekaa pale dirishani, miguu mikavu.

Sasa ndani ya chumba kile cha mbele alikuwa amekaa mwanamke mzee juu ya mkeka, anashona makuti.

"Baba," akaniita, "umemaliza kubisha hodi? Maana tangu asubuhi unagonga na mie nakujibu karibu, karibu, na huingii."

Nikacheka kwa haya, nikamwamkia. Nikamvuta Mrisho nje nikamwuliza huyu ni nani.

"Aa, huyo ni Bi Zamda, mjane wa ami. Hana neno yule. Paa likivuja sana atachoka, atakwenda kwa ndugu zake kule Umwe."

Mshauri, maneno yale yaliingia sikioni yakakaa.

Bi Zamda mwenyewe alinipokea kama mtoto wake. Siku ile ile aliniambia, "Hiyo nguzo ya jikoni usiiamini. Nje nzuri, ndani hamna kitu. Kama kijana wetu Mrisho." Mimi na ujuzi wangu wa miaka thelathini nikataka kumcheka, nikaigonga, kumbe tupu kama ngoma, si mkoko hata kidogo, ni mti wa porini marehemu aliuweka kwa haraka siku ya mvua. Akanionyesha na maji yanapopita nyuma ya nyumba, na wapi siafu hutokea. Nyuma kuna minazi kumi na mmoja, na hiyo ni yake, ni mahari yake, marehemu alimpandia. "Nyumba sasa yako," akasema, "minazi yangu, kivuli twagawana."

Na makuti yale aliyokuwa akishona yalikuwa ya nyumba hii hii. Miezi minane alikuwa akiokota kila kuti linaloanguka chini ya minazi yake, anashona jani kwa jani, anapanga stoo. "Kushona naweza," akaniambia, "kupanda juu siwezi. Nilikuwa namngoja wa kupanda." Tukayahesabu pamoja, mimi kwa desturi ya kazi yangu nikayahesabu kwa korija, yakawa korija thelathini kamili, na yeye akafurahi na neno lile, akawa analiimba, korija thelathini, korija thelathini. Hakutaka malipo. Akasema, "Ezeka, mwanangu."

Sasa nakuja kwenye dhambi yangu. Nilihamia chumba kimoja cha nyumba ile, nikamchukua fundi mmoja jina lake Haruni, tukaezeka tukianzia nyuma, chumba kwa chumba, na siku tuliyobakiza chumba cha mbele peke yake mimi niliingia stoo asubuhi kabla fundi hajaja, nikachukua makuti yaliyobaki, korija sita, nikayapeleka chumba changu, nikayalaza chini ukutani, nikayafunika jamvi. Fundi alipokuja nikamwambia makuti yamekwisha.

"Yamekwisha vipi? Jana nimeyaona kwa macho yangu."

"Yamekwisha, fundi."

Haruni akanitazama, akakunja kamba yake. "Haya. Paa lako, bwana. Mimi nafunga ninachopewa."

Nikamwendea Bi Zamda nikamwambia na yeye, mdomo huu huu. Akasema, "Yamekwisha? Basi, Mungu ataleta mengine." Akarudi kushona.

Sikumsukuma, sikumtukana, sikumwambia toka, nikajiambia mimi sijafanya kitu, ni mvua itakayofanya. Vuli ikaja. Mimi nimekaa pakavu, namsikia kule chumba cha mbele anahamisha kitanda, anaweka sufuria hapa, anaweka bakuli pale, na mvua ikizidi anaimba ili asiyasikie matone. Hakwenda Umwe. Kisha homa ikanishika mimi, mimi niliyelala pakavu, na Bi Zamda akawa anakuja kila siku, kanga kichwani imelowa chapachapa, na uji wa mchele wa tui la nazi zake, ananiinua kichwa ananinywesha kama mtoto. Siku ya nne homa ilipopoa akakaa pale kitandani, akatazama lile jamvi ukutani, akasema kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kufunga kuku:

"Mwanangu, makuti yale korija sita usiyaache chini. Mchwa watayala."

Akachukua bakuli lake akatoka.

Mshauri, alikuwa anajua. Tangu siku ya kwanza alikuwa anajua, yeye ndiye aliyeyashona, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kuhesabu kwa korija. Nilitamani anitukane. Kesho yake nikaondoka bila ya kuaga vizuri, nikasema nimeitwa kwenye boriti, nikarudi huku visiwani, na leo ni mwezi wa pili sijarudi Kibiti.

Mwanawetu ameshafunga vyombo, kinu na mchi viko mlangoni, na kila siku ananiuliza. Juzi akanishika.

"Baba Mwanahawa, nyumba ina paa?"

"Ina."

"Ina mlango?"

"Ina."

"Basi inakosa nini?"

Nikakisogeza kinu kando ya mlango.

"Inakosa wewe kusema kweli. Kuna mwanamke huko?"

Kidogo nimwambie ndiyo yupo, ana miaka sabini na meno manne, na hakuna siku simkumbuki. Lakini nikasema hakuna, maana tangu mwanzo nilimwambia nimepata nyumba tupu.

Naomba unisaidie. Nimrudishie Mrisho nyumba yake? Naogopa atampa mtu mwingine mbaya kuliko mimi. Nimwandikie Haruni aende aezeke kile chumba kimya kimya, mimi nisionekane? Mke wangu nimwambie au hii niizike? Na je, hata nikitubu, nyumba ile bado inanifaa mimi, au nimeshaiharibu? Masika hayako mbali, na makuti nimeyaacha vile vile chini.

Wako mwenye haya,
Mwenye Kuangalia Juu,
Mbwera, Rufiji

JIBU

Bwana Mwenye Kuangalia Juu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikatafuta fimbo, mara ya pili nikafuta macho. Kwa hiyo nitakujibu na vyote viwili.

Tuanze na fimbo. Unasema Korani umehitimu. Je, palipotajwa mirathi ulikuwa umesinzia? Mume akifa bila ya mtoto, mjane wake ana robo. Robo, bwana! Mrisho alikupa kilicho chake na kisicho chake kwa mkono mmoja, na wewe ukapokea kwa mikono miwili. Bi Zamda hakuwa mzigo uliosahauliwa ndani ya nyumba yako. Alikuwa mwenye nyumba mwenzio, na nyumba ina vyumba vinne, chake ungeweza kukihesabu hata bila ya korija. Ukataka kumtoa mtu katika mali yake kwa makuti yake mwenyewe. Mwizi wa kawaida huja na gunia lake.

Wasomaji wengi wananiandikia habari za nyumba hizi za bure na za bei ya kutupwa zilizojaa kando ya barabara, na wote wanaanza kama wewe, boriti nzima, udongo mzuri, mahali pazuri. Sikiliza, na wengine wasikilize. Nyumba ya bure haikosi sababu. Boriti haisemi uongo, lakini haisemi yote. Kabla hujatoa kisu chako nenda kwa jirani anayeipita kila siku akienda kisimani, umwulize kwa nini hakuichukua yeye. Wale watu wa Kibiti uliowaona wajinga walikuwa wanaijua nyumba ile na aliyemo, na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kumtoa. Uliza kiwanja cha nani, minazi ya nani, maji ya mvua yanapita wapi. Na ukitaka kuijua nyumba kweli kweli, muulize anayeifagia. Wewe ulimpata, akakuonyesha mpaka nguzo yenye uongo ndani. Katika nyumba ile yote kitu chenye thamani kuliko vyote kilikuwa kimekaa juu ya mkeka kinakukaribisha, na wewe ukawa unagonga kuta.

Fimbo naiweka chini. Mtu mbaya hasa angeyachoma yale makuti, au angeyauza. Wewe uliyafunika jamvi, na hakuna siku humkumbuki. Nyumba hujaiharibu. Umeharibu chumba kimoja, na dawa yake unayo, imelala chini ukutani.

Kwa Mrisho usirudishe kitu. Kumkimbia mama yule mara ya pili na kuiita toba, hapana. Lakini mwite Mrisho, mwende mbele ya Jumbe na mashahidi wawili wazima, kijana aseme kwa kinywa chake anakupa fungu lake, na iandikwe kwamba robo ni ya Bi Zamda na minazi kumi na mmoja ni yake, na chumba cha mbele anakaa mpaka Mungu amchukue, iwe paa linavuja au halivuji. Ukiona uzito kutia sahihi hapo, basi rudi zako Mbwera ukahesabu boriti, na nyumba umwachie.

Haruni usimwandikie. Ulificha makuti, sasa unataka kuficha na toba? Nenda mwenyewe, wiki hii, usingoje lori zuri wala mwezi mzuri.

Lakini kabla ya kwenda, Mwanawetu. Mwambie leo, kabla hujanawa mikono ya kula, na uanze na makuti, usianze na habari kwamba yupo mwanamke mwenye meno manne, maana wewe naona ulikuwa na hamu ya kuufanya mzaha. Atapiga kelele. Mwache. Mwanamke aliyekuomba pakavu miaka yote hiyo ana haki ya kujua pakavu pake pamepatikana kwa kumlowesha nani. Akimaliza, beba kinu na mchi mwende wote. Nakuonya, yeye na Bi Zamda watakaa pamoja siku ya kwanza tu na watakusema wewe mpaka jua lichwe, na watacheka. Vumilia. Hayo ndiyo malipo yako, na ni nafuu.

Mkahawa wako si wazo baya. Lakini nyumba ina ukumbi, na mbele yake una mahali pa kuweka baraza. Vitumbua haviulizi dirisha. Hicho chumba usikitupie jicho tena, hata ukiambiwa chukua bure. Na tui la vitumbua, nadhani unajua nazi zake zinatoka kwa nani, kwa hiyo ukaombe kwa adabu.

Unaniuliza ufanye nini, na mimi nimekuandikia mengi, lakini ukweli ni kwamba ushauri ulishapewa na mtu bora kuliko mimi. Yule mama hakukuambia umenidhulumu. Hakukuambia tubu. Alikuambia usiyaache chini. Hiyo ndiyo fatwa yako yote.

Basi ukifika Kibiti usianze na hotuba. Weka mzigo, kung'uta makuti, yaliyoliwa na mchwa ukashone mengine wewe mwenyewe, kando yake, akufundishe na akucheke vidole. Haruni abaki chini akupe, wewe upande. Na ukiwa pale juu ya chumba cha mbele, mtu wa boriti, mara moja katika maisha yako tazama chini. Utamwona. Akikuuliza kama umemaliza kugonga, mwambie bado. Kisha ushuke, uzunguke mpaka mlangoni kwake, ubishe hodi kama mgeni, na usimame hapo mpaka aseme karibu.

Safari hii, ingia.